Chuo kikificha uhalifu wa kocha, kiadhibiwe na chama cha michezo au tuiachie mahakama?

MsafishajiWaUsiku ameuliza:

Salaam ndugu zangu. Mimi mtu wa Tanga, ila mwaka huu natimiza miaka tisa Ohio. Kazi yangu ni usafi, zamu ya usiku, kwenye jengo la michezo la chuo kimoja huku. Naingia saa nne usiku, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Nadeki vyumba vya kubadilishia nguo, nasugua mabafu, nakusanya mataulo yaliyotupwa kila pembe. Kiunoni nina funguo za karibu kila mlango wa jengo lile. Usiku kucha nakutana na mlinzi mmoja tu, na mwenzangu wa ghorofa ya juu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu.

Juzi wakati wa chai mama huyu aliniuliza kwa nini watu wakiitaja Penn State wanashusha sauti. Nikamsimulia. Nilipomaliza akauliza, "Halafu chuo kikafanywa nini?" Nikaanza kujibu, nikajikuta nazunguka. Asubuhi nimelala masaa mawili tu, swali limekataa kutoka kichwani.

Kwa wasiokijua kisa: Penn State ni chuo kikuu cha Pennsylvania, na timu yake ya futiboli ya Kimarekani inachezea uwanja unaoingiza watu zaidi ya laki moja. Laki moja, kuangalia wanafunzi. Kocha mkuu Joe Paterno aliishika timu hiyo tangu 1966. Msaidizi wake, Jerry Sandusky, alinoa safu ya ulinzi mpaka alipostaafu 1999, na pembeni alikuwa na shirika la hisani aliloanzisha 1977 la kusaidia watoto wenye maisha magumu. Watoto hao hao ndio aliowaharibu. Alikamatwa Novemba 2011. Juni 2012 akatiwa hatiani kwa makosa 45 dhidi ya wavulana 10, na kifungo chake ni miaka 30 hadi 60.

Uhalifu wake ni wake. Kinachoniuma ni wale walionyamaza. Mwaka 1998 mama mmoja alilalamika, polisi wakachunguza, jalada likafungwa bila mashtaka. Februari 2001 kijana aliyekuwa akijifunza ukocha pale, Mike McQueary, alimkuta Sandusky bafuni na mtoto. Kesho yake akamwambia Paterno. Paterno akamwambia mkurugenzi wa michezo. Habari ikapanda mpaka kwa rais wa chuo, ikakwama huko juu. Polisi hawakuambiwa. Na Sandusky, mstaafu, alikuwa ameachiwa ofisi na ruhusa ya kuingia katika majengo yale apendavyo.

Katikati ya miaka hiyo miwili kuna habari ya watu wa kazi yangu. Ripoti ya uchunguzi ya Louis Freeh, mkurugenzi wa zamani wa FBI, iliyotoka Julai 2012, inaeleza kwamba mwaka 2000 msafishaji mmoja alimwona Sandusky na mtoto bafuni. Akawaambia wenzake. Wakalijadili wao kwa wao, wakaliacha, kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Mmoja wao alikuja kusema kwamba kuliripoti jambo lile, machoni pake, ingekuwa sawa na kupambana na rais wa Marekani.

Ukurasa ule nimeusoma kuliko kurasa nyingine zote, kwa sababu hofu ile naijua. Kodi ya nyumba yangu inadaiwa tarehe moja. Tanga nina mama anayesubiri hela ya dawa kila mwezi. Kwenye korido ninayodeki kuna picha ya kocha kubwa kuliko mlango, na watu wazima wenye suti wakipita hapo wanasimama kuitazama. Nikisema nimeona jambo, ni neno langu mimi na dekio langu mbele ya picha ile.

Sasa adhabu. Tarehe 23 Julai 2012 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kilitoza Penn State faini ya dola milioni 60, kikaifungia timu miaka minne isicheze mechi za baada ya msimu, yaani zile za kuwania makombe, kikapunguza nafasi mpya za ufadhili wa wachezaji kutoka 25 hadi 15 kwa mwaka, na kikafuta vitabuni ushindi wote 112 wa kuanzia 1998 hadi 2011. Paterno alikuwa amekwisha kufa Januari ya mwaka ule ule.

Wengi wanasema hapo NCAA ilijitia katika kazi ya polisi. Mimi naona ilikuwa haki yake kuadhibu, tena kwa uzito. Polisi wanamkamata aliyetenda. Lakini wale wasafishaji hawakumwogopa Sandusky. Waliiogopa timu. Waliogopa ule uwanja wa laki moja na heshima ya mzee mmoja ambaye mji mzima ulimwinamia. Jela haifiki kwenye kitu kama hicho. Kinachofika ni mechi na pesa.

Nataka waliosoma sheria na waliocheza huku waniambie kama nimekosea, na wapi.

Wakili_Kinondoni amejibu:

Kaka wa Tanga, pole na zamu. Uchungu wako ninao pia, ila hitimisho lako nalipinga, na nitakueleza kwa nini.

NCAA ina nyumba yake. Mwaka 1987 iliifungia timu ya chuo cha SMU, Dallas, msimu mzima kwa sababu wachezaji walikuwa wakilipwa kwa siri. Hayo ni mambo yake: nani kalipwa, nani kafaulu darasani, nani kasajiliwa kwa hila. Mwaka 2012 haikuwa na kanuni iliyosema chuo kikificha jinai kitafanywa hivi. Basi ikafanya nini? Haikuchunguza yenyewe, iliichukua ripoti ya Freeh kama ilivyo. Kamati yake ya kawaida ya makosa haikuketi kusikiliza upande wowote. Rais mpya wa chuo aliwekewa makubaliano mezani akasaini, wakati chuo kizima kimeinamisha kichwa kwa aibu.

Seneta mmoja wa jimbo, Jake Corman, akaenda mahakamani akitaka zile dola milioni 60 zitumike Pennsylvania. Katika kesi hiyo, Novemba 2014, zikatoka baruapepe za maofisa wa NCAA wenyewe wakitilia shaka mamlaka yao. Mmoja alikiri kwa maneno yake kwamba walichokuwa wakifanya ni kutishia nyau. Januari 2015 wakapatana: ushindi 112 ukarudishwa, pesa ikabaki jimboni kwa ajili ya kuzuia ukatili dhidi ya watoto na kuwasaidia walioumizwa. Kifungo cha mechi za baada ya msimu kilikuwa kimeondolewa tangu Septemba 2014. Adhabu isiyo na kanuni nyuma yake haikumaliza hata miaka mitatu.

Ngoja nikuonyeshe upande wa pili, maana hapa ndipo pananikera zaidi. Michigan State walikuwa na daktari wa michezo, Larry Nassar, aliyewadhulumu wasichana kwa kisingizio cha matibabu. Mwaka 2018 chuo kilikubali kulipa dola milioni 500 kwa wahasiriwa. Ni fedha nyingi mno, kwa watu zaidi ya 300. Agosti mwaka huo huo NCAA ikasema haijaona kanuni yake iliyovunjwa. Halafu chuo cha Baylor, Texas. Kocha Art Briles alifukuzwa 2016 baada ya kugundulika jinsi malalamiko ya wanawake dhidi ya wachezaji yalivyokuwa yakipuuzwa. NCAA ilitoa uamuzi Agosti 2021: kwamba chuo kizima kilishindwa kushughulikia malalamiko ya namna hiyo, si idara ya michezo peke yake, kwa hiyo wachezaji hawakupendelewa, kwa hiyo kanuni haikuvunjwa. Kwa makosa mengine madogo chuo kikawekwa chini ya uangalizi miaka minne na kutozwa dola 5,000. Elfu tano, kaka. Yaani chuo kikioza chote, kinakuwa salama kuliko kikioza idara moja.

Chombo chenye mizani ya namna hii sikikabidhi jinai. Serikali ina sheria yake ya kuvilazimisha vyuo kutangaza uhalifu unaotokea ndani yao, na inaitwa kwa jina la Jeanne Clery, mwanafunzi aliyeuawa bwenini Pennsylvania hiyo hiyo mwaka 1986. Kwa sheria hiyo Wizara ya Elimu iliitoza Penn State karibu dola milioni 2.4 mwaka 2016, na Michigan State milioni 4.5 mwaka 2019. Na viongozi wale hawakupona: mkurugenzi wa michezo na makamu wa rais walikiri kosa mwaka 2017 kwamba walihatarisha usalama wa mtoto, rais wa zamani Graham Spanier akatiwa hatiani mwaka huo huo, na mwaka 2021 akaingia jela kwa karibu miezi miwili. Rais wa chuo kikuu kulala jela ni jambo ambalo marais wengine wote waliliona.

Kiptoo_wa_Nyika amejibu:

Nawasalimu nyote kutoka Eldoret. Mzee wa Tanga, mimi nilikimbia mbio za nyika na mita 10,000 kwa chuo kimoja cha kusini mwa Marekani. Sitakitaja.

Nikiwa mwaka wa tatu iligundulika kwamba kocha wa kabla ya huyu wetu alikuwa amechezea alama za masomo za wanariadha. Si jinai kama ya Sandusky, lakini adhabu ilikuwa ya aina ile ile. Kocha huyo sikuwahi hata kumsalimia. Alikuwa ameshaondoka, ana kazi nyingine, ana timu nyingine. Tuliofungiwa mashindano ya taifa ni sisi tuliobaki, na ulikuwa msimu wangu wa mwisho.

Watu waliniambia hama. Kwa Mmarekani kuhama ni simu mbili. Kwa mgeni, chuo kipya lazima kikutolee fomu mpya ya I-20, ile ambayo viza ya mwanafunzi inaitegemea, kithibitishe nani atalipa, masomo yako yakubaliwe, na ukikosea tarehe moja umekaa nchini bila ruhusa. Mamangu alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili nipate tiketi ya kwenda. Singeweza kucheza na hiyo viza. Nilibaki. Siku ya mashindano ya taifa nilikimbia maili kumi peke yangu kando ya barabara kuu, nikarudi nikalala.

Kwa hivyo mnapotaja kufungia timu, tafadhali hesabuni miaka. Kijana aliyeingia Penn State mwaka 2012 akiwa na miaka 18 alikuwa na miaka minne mwaka 1998. Mwaka ule McQueary alipofungua mlango wa bafu alikuwa na miaka saba. Alikuwa katika umri wa wale watoto walioumizwa, na ndiye aliyebebeshwa kifungo. Ni kweli NCAA iliwaruhusu wachezaji kuhama bila kukaa nje msimu mmoja, na wengine walihama. Wengi walibaki na kocha mpya, Bill O'Brien, wakacheza wakijua hakuna kombe mbele.

Na ule ushindi 112 uliofutwa halafu ukaandikwa tena, sijui ulimponya mtoto gani.

Mimi singesema chama kikae kimya. Ningesema kichukue pesa. Big Ten, ligi yao, ilitangaza 2012 kwamba Penn State haitapata mgao wa mapato ya mechi za baada ya msimu, kama dola milioni 13 kwa miaka minne, na zitaelekezwa kwa mashirika yanayolinda watoto. Hiyo naielewa. Inauma ofisini, haiumi kwenye viatu vya mtoto wa mtu.

MamaSalome amejibu:

Habari zenu wanangu, na shikamoo kwa walionizidi. Mimi niko Mbeya. Binti yangu anacheza mpira wa kikapu, amepata ufadhili chuo kimoja Marekani, anaondoka Agosti. Mpaka leo asubuhi nilikuwa nauliza habari za baridi na chakula tu.

Sijui sheria. Ninachojua ni kwamba mzazi aliye Mbeya hatasoma mafaili ya mahakama ya Pennsylvania. Lakini timu ikifungiwa, hata huku tutasikia redioni. Wakili, hiyo faini ya wizara ambayo umeitaja, nani Mbeya aliisikia?

Baba wa Tanga, wewe uko ndani ya majengo hayo usiku. Nimuulize nini kocha wake kabla sijamwachia mtoto?

MsafishajiWaUsiku amejibu:

Nimewasoma wote leo mchana badala ya kulala.

Kiptoo, mdogo wangu, umenishinda. Ile hesabu ya miaka minne na miaka saba nimeirudia kwa sauti. Nilipoandika "mechi na pesa" sikuwa nimemfikiria kijana aliyebaki akikimbia kando ya barabara. Neno mechi naliondoa. Ila sehemu moja ya habari yako sitaiacha ipite: yule kocha aliyeharibu alipata timu nyingine. NCAA inayo adhabu inayomfuata mtu, ambapo chuo chochote kitakachomwajiri lazima kwanza kijieleze mbele ya kamati. Hiyo ndiyo ninayotaka imfuate kila kocha na kila mkurugenzi aliyesikia akanyamaza, chuo hadi chuo, mpaka atafute kazi nyingine.

Wakili, nakubali mwaka 2012 kanuni haikuwepo. Lakini hiyo ni sababu ya kuiandika. Sera yao, waliyoipanua 2020, inawataka viongozi wa kila chuo kuthibitisha kila mwaka kwamba wanafuata taratibu dhidi ya ukatili wa kingono, na wachezaji waeleze kama wamewahi kutiwa hatiani. Chuo kisichothibitisha kinanyimwa kuandaa fainali za NCAA. Kunyimwa kuandaa fainali! Vyuo vingi havijawahi kuandaa hata moja. Kanuni ninayoitaka ni fupi: yeyote anayelipwa na idara ya michezo akijua mtu ameumizwa, asipolifikisha polisi, hilo ni kosa la michezo kama kumlipa mchezaji kwa siri. Sandusky, tuiachie mahakama. Kunyamaza ndiko kulikofanyika kwa ajili ya timu, na timu ni yao NCAA.

Jimbo la Pennsylvania lenyewe lililiona hilo. Zamani mfanyakazi aliyeshuku mtoto anaumizwa alitakiwa kumwambia bosi wake, na bosi ndiye aripoti. Sheria ikabadilishwa 2014, sasa wanaobanwa na sheria hiyo wanaripoti serikalini moja kwa moja. McQueary alimwambia bosi, na tumeona bosi alivyofanya. Kisha alipotoa ushahidi akapoteza kazi, akashtaki, na Oktoba 2016 wazee wa baraza wakaamua alipwe dola milioni 7.3. Miaka mitano baada ya kashfa kulipuka. Msafishaji wa mwaka ule wa 2000 asingeweza kungoja miaka mitano na wakili pembeni. Asingeweza kungoja hata mwezi mmoja.

Mama Salome, shikamoo. Muulize kocha mambo haya bila aibu. Nani ana funguo za chumba cha kubadilishia nguo cha wasichana, na waliostaafu au kuhama walirudisha zao? Binti akitibiwa goti au mgongo, anaingia chumbani na nani, na je anaruhusiwa kuingia na mwenzake kila mara? Wasichana wa Nassar walikuwa wanatibiwa, mama, ndiyo maana nalitaja. Halafu la mwisho, na hapa msikilize vizuri: kama tatizo ni wewe kocha, mwanangu amwambie nani? Akikutajia mtu wa idara yake mwenyewe ya michezo, muulize tena. Usikate simu mpaka upate jina la mtu aliye nje ya jengo lile.

Mimi mwenyewe jana usiku nilimuuliza msimamizi wangu swali hilo. Akanionyesha tangazo ukutani: ukiona jambo, mwambie msimamizi. Nikamuuliza, na msimamizi akiwa anaogopa? Alikaa kimya kidogo. Ni mama mtu mzima, ana wajukuu. Akachukua kalamu akaniandikia namba ya polisi wa mji, si ya walinzi wa chuo, akasema hata yeye hakuwahi kufikiria.

Nimeibandika nyuma ya kitambulisho changu. Nakala nyingine nampelekea mama wa Bukavu sasa hivi, basi langu linapita saa tatu na nusu.